Vyombo vya Kisasa katika Masomo ya Watoto Wadogo

Maneno yaliyosemwa kwa jina la makatekista mbele ya wakristu wa Nguba na wageni wao, katika siku za Jubilei ya parokia



Tumepewa kazi ya kusema neno juu ya watoto wadogo, wale wa materneli. Wengine waliotutangulia wamesema juu ya wamisionari wa kwanza, juu ya wabatizwa wa kwanza, juu ya matofali na mabati ya kanisa hili. Mambo hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini Jubilei haikufanywa kwa kutazama nyuma tu. Mtoto mwenye miaka minne leo ndiye atakayesimama hapa, akiwa mtu mzima, siku ya kuadhimisha Jubilei ijayo. Namna atakavyosema, atakavyofikiri na atakavyoishi na wenzake imekwisha kuanza kujengwa, kwa mikono yetu ao kwa uvivu wetu.

Katika mikutano ya mashirika swali moja limerudi mara nyingi: zawadi ya Jubilei kwa watoto wa materneli iwe nini? Wengine wamejibu: tununue televizio kubwa na tabuleti, sawa vile zinavyoonekana katika masomo ya wenye mali, ili watoto wetu wasibaki nyuma. Wengine wamejibu: hapana, mashini zitawaharibu watoto, waacheni wacheze na udongo sawa vile tulivyocheza sisi. Waliosema hivi na waliosema vile wote wanampenda mtoto. Sisi tuliombwa kuchunguza jambo hili kwa utulivu, na tungependa kuwaonyesha tuliyoyapata.

Kwanza tujue materneli ni nini. Wengine wanafikiri ni mahali pa kuwaweka watoto mama anapokwenda sokoni. Sivyo. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufi na vipande vya miti vilivyochongwa kwa vipimo, maana aliona kwamba mtoto anafikiri kwa mikono yake. Tarehe 6 Januari 1907, mganga Maria Montessori, mkristu mkatoliki, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Watoto wale walihesabiwa kuwa wasiofaa kitu. Yeye aliwapa vyombo vidogo vya kupanga, kupima, kufunga na kufungua, na watu wakastaajabu kuona wanavyotulia na kujifunza. Katika inchi yetu, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inahesabu materneli kuwa daraja la kwanza la elimu, lenye muda wa miaka mitatu, kwa watoto kuanzia miaka mitatu.

Basi mnaona kwamba chombo katika kalasi ya watoto wadogo si jambo geni. Kipande cha mti cha Fröbel kilikuwa chombo. Udongo wa mfinyanzi ni chombo. Vizibo vya chupa ambavyo mama mwalimu anavitumia kwa kuhesabu ni chombo. Hatuna haja ya kuuliza kama mtoto atumie vyombo ao asitumie. Tuulize kila chombo kinamfanya mtoto afanye nini.

Wala wakristu hatuna sababu ya kuogopa mashini kwa kuwa ni mashini. Papa Pio wa 11 alianzisha Radio Vatikano tarehe 12 Februari 1931, na aliyeijenga ni Marconi mwenyewe, mmoja wa mababa wa radio. Katika miaka ya 1950 wamisionari Mapadri Weupe walifanya kazi ya sinema hapa Kivu, kwa jina la Africa Films. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa tangazo lake juu ya vyombo vya kupashana habari tarehe 4 Desemba 1963, ukavihesabu kati ya matunda mema ya akili ambayo Mungu amempa mwanadamu, ukaonya pia juu ya matumizi mabaya. Tena sisi watu wa Kivu hatuwezi kuiita telefone kitu cha wageni tu. Ndani yake mna tantali, na tantali hutoka katika koltani, na koltani inachimbwa katika milima yetu, wakati mwingine kwa mikono ya watoto ambao walipaswa kuwa kalasini. Mashini ile imetugharimu sana. Ni haki yetu kujua namna ya kuitumia kwa faida ya watoto, na ni wajibu wetu vilevile.

Sasa tutazame mashini inaweza nini na haiwezi nini.

Mwaka 2003 bibi mmoja mwenye elimu kubwa juu ya watoto na lugha, Patricia Kuhl, wa Univerzite ya Washington mjini Seattle, Marekani, alitangaza pamoja na wenzake jambo walilolichunguza. Walichukua watoto wachanga wa Kiamerika wenye miezi tisa. Kundi moja walikaa mara 12 na watu wasemao Kichina, wakichezewa na kusomewa kwa lugha hiyo. Kundi lingine walionyeshwa watu wale wale katika televizio, na wengine walisikilizishwa sauti tu. Mwishoni, watoto waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televizio na wale wa sauti tupu hawakujifunza kitu. Maneno yalikuwa yale yale, na wasemaji wale wale. Kilichokosekana ni mtu aliye mbele ya mtoto, anayemtazama machoni na kumngojea.

Mtu anaweza kusema: watoto wa materneli si wachanga wa miezi tisa. Ni kweli. Mtoto wa miaka minne anaweza kujifunza kitu kwa picha. Huko Marekani kipindi cha televizio kinachoitwa Sesame Street kilianza tarehe 10 Novemba 1969, na wachunguzi waliona kwamba watoto waliokitazama sana walijua herufi na hesabu zaidi. Lakini waliona tena kwamba waliotazama pamoja na mama zao na kuongea nao juu ya yale waliyoyaona ndio waliofaidika zaidi. Tunarudi palepale: picha inaleta kitu, na mtu ndiye anayekiingiza.

Shirika la Afya la Dunia nalo lilitoa mashauri yake mwaka 2019. Kwa mtoto wa miaka mitatu na minne lilisema: asikae mbele ya kioo cha televizio ao telefone zaidi ya saa moja kwa siku nzima, na kidogo zaidi ni bora, achezeshe mwili dakika 180 kwa siku, alale saa 10 hadi 13. Kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili lilisema kioo kisiwepo kabisa. Tuhesabu basi. Kama mtoto anatazama televizio nyumbani jioni, tena asubuhi anawekwa mbele ya tabuleti kalasini, ile saa moja imekwisha kupita, na miguu yake bado haijakimbia.

Je, hakuna mashini inayomfaa mtoto mdogo? Iko, na tunataka kuisema kwa urefu, kwa sababu wengi wetu tunayo nyumbani na tumeidharau. Ni radio.

Kuanzia mwaka 1974, katika inchi ya Nikaragua, watu wa elimu kutoka Univerzite ya Stanford pamoja na wenyeji walitengeneza masomo ya hesabu ya radio kwa wanafunzi wa primeri. Hawakutaka watoto wakae kimya na kusikiliza. Mwalimu wa radio aliuliza swali, kisha akanyamaza kwa sekunde kidogo. Katika kimya kile watoto wote walijibu kwa sauti, ao waliandika, ao walisimama. Kisha radio ilitoa jibu na kuendelea. Kuanzia mwaka 1980 Kenya ilifuata njia hiyo kwa kufundisha Kiingereza katika kalasi za kwanza za primeri.

Mfano ulio karibu zaidi nasi kwa lugha na kwa hali ni wa Zanzibar. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya huko, kwa msaada wa Marekani, ilianza mpango wa masomo ya radio kwa watoto wadogo. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze, navyo vilikuwa kwa Kiswahili. Kulikuwa na vijiji ambamo hakuna nyumba ya kuwafundishia watoto wa umri ule. Wazazi walichagua mtu wa kijiji, wakamfundisha kazi, wakampa radio, na watoto wakakusanyika chini ya mti. Radio inasema: simameni, rukeni mara tatu, hesabuni kwa sauti. Kisha inanyamaza. Watoto wanaruka na kuhesabu. Radio inaanza wimbo, watoto wanaumaliza. Radio inamwambia mlezi: chukua mawe matano, uwaonyeshe watoto. Kwa namna hii hata mlezi asiye na diploma aliweza kufundisha vizuri, tena alijifunza kazi yake siku kwa siku kwa kuifanya.

Wapendwa, mkichunguza siri ya masomo yale, mtaona ni ile ya wazee wetu. Jioni, bibi anaposema “kitendawili”, hasemi jibu papo hapo. Anangoja watoto waitike “tega!”, anatega, tena anangoja. Katika kungoja kule ndimo akili ya mtoto inamofanya kazi. Anayesimulia hadithi anasimama mahali pa wimbo ili watoto waimbe. Bibi zetu walijua kwamba anayesema bila kunyamaza hafundishi. Basi sisi tumechukua hili kuwa kipimo chetu: chombo kizuri kwa mtoto mdogo ni kile kinachonyamaza ili mtoto aseme, kinachosimama ili mtoto atende. Chombo kinachosema na kuonyesha bila kusimama, hata kikiwa cha bei kubwa, kinamfanya mtoto kuwa mtazamaji tu.

Sisi wenyewe tuliona haja ya radio katika siku za taabu. Tarehe 19 mwezi wa tatu wa mwaka 2020, juu ya ugonjwa wa korona, masomo yote ya inchi yalifungwa. Mwezi wa ine Radio Okapi ilianza kutangaza masomo kwa wanafunzi wa primeri na sekondari, kwa jina la Okapi École. Ilikuwa kazi njema. Lakini watoto wa materneli walibaki kwa mama zao bila neno lao. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, milango ya masomo ilifungwa tena kwa muda, na watoto wakakaa ndani ya nyumba wakisikiliza sauti ambazo mtoto hapaswi kuzisikia. Katika siku za namna ile, parokia iliyo na vipindi vyake vilivyotayarishwa, kwa sauti ambayo watoto wanaijua, ingeweza kumfikia mtoto hata nyumbani, kwa kutuma sauti ile katika telefone ya mama yake. Hii ni sababu kubwa ya kutotegemea mashini zinazokaa zimefungiwa kalasini.

Kuna jambo la lugha pia. Katiba ya mwaka 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha ine za taifa, na sheria ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha. Lakini mashini nyingi zinazouzwa kwa watoto zinasema Kifaransa ao Kiingereza. Mtoto wa Nguba anayekaa mbele yake anajifunza kurudia majina ya wanyama ambao hajawaona, kwa lugha ambayo mama yake hawezi kuongea naye jioni. Hatukatai Kifaransa, sisi wenyewe tulikula mkate wake katika seminari ndogo, na kinatufaa mpaka leo. Tunasema tu kwamba nyumba inaanza kwa msingi. Huko Dar es Salaam kuna watu wanaoitwa Ubongo, wanaotengeneza vipindi vya picha kwa Kiswahili. Kimoja kinaitwa Akili and Me, juu ya mtoto wa kike mwenye miaka minne, aishiye chini ya mlima Kilimanjaro. Hicho mama mwalimu anaweza kukitumia mara moja moja, akikisimamisha katikati na kuwauliza watoto: ameona nini? atafanya nini sasa? kwetu kitu hiki kinaitwaje? Akikiwasha na kutoka nje kuongea na wenzake, faida imekwisha.

Sasa tushuke katika kalasi, maana mashauri yasiyofika kalasini ni moshi. Tuchukue asubuhi moja ya materneli hapa Nguba, kalasi yenye watoto wengi, mama mwalimu mmoja, na telefone moja yenye bafle ndogo.

Mama mwalimu amekwisha kunasa sauti mbalimbali: mvua juu ya mabati, kengele ya kanisa, mbuzi, motari wa mtumbwi, wavuvi waimbao wakirudi alfajiri, mama anayetangaza sambaza njiani. Watoto wanafumba macho. Sauti inatoka, kisha inazimwa. Ni nini hii? Watoto wanajibu, wanabishana, wanaiga. Tena sauti za wavuvi: watoto wanakaa mistari miwili, wanapiga makasia kwa mikono na kuimba. Kisha wanatoka nje na kufinyanga mtumbwi kwa udongo, na kuweka ndani yake sambaza za majani: mbili, tatu, tano. Mashini imetumika dakika kumi. Saa nzima iliyofuata ni ya watoto wenyewe, lakini ni mashini iliyofungua mlango.

Mchezo huu una faida nyingine ambayo wengi hawaifikiri. Mtoto ambaye kila mara anatazama wenzake kwanza kabla ya kujibu, ao anayejibu vingine kila siku, pengine hasikii vizuri. Wazazi wanamwita mkaidi ao mjinga, kumbe masikio yake yana ugonjwa. Mama mwalimu aliye macho atamgundua mapema na kuwaambia wazazi wampeleke kwa mganga. Mnakumbuka namna Bwana wetu alivyomponya kiziwi aliyesema kwa shida: alimtenga kando na watu, akamgusa masikio na ulimi kwa mikono yake mwenyewe. Katika umati alimwona mtu mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, na hakuna mashini iliyoifanya kwa niaba yake.

Siku nyingine telefone inanasa sauti ya mtoto mwenyewe akisimulia alichokiona njiani. Kisha inamrudishia sauti yake mbele ya wenzake. Mtoto mwenye haya, asiyefungua kinywa tangu mwanzo wa mwaka, anaweza kupata nguvu kwa kusikia kwamba sauti yake nayo inasikilizwa. Siku nyingine bibi wa mtaa anaalikwa, anasimulia hadithi, na sauti yake inahifadhiwa. Kwa namna hii parokia inajipatia mali ambayo haiuzwi dukani: hadithi na nyimbo za wazee wetu, kwa Kiswahili na kwa Mashi na kwa lugha nyingine za nyumbani, zilizotunzwa kwa watoto watakaozaliwa. Picha ya kazi ya mtoto inaweza kupigwa na kuonyeshwa kwa mzazi anapokuja kumchukua, ili waongee juu yake njiani. Lakini picha za watoto zisitumwe ovyo kwa watu. Mwili na sura ya mtoto vina heshima, na kile kilichotumwa hakirudi.

Tuseme pia juu ya umeme, maana kuna watu watakaosema kwamba tunaota ndoto. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa karibu nasi, na mashini za umeme za Ruzizi ya kwanza zilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, zile za Ruzizi ya pili mwaka 1989. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua giza la delestaje. Televizio kubwa bila umeme ni kabati. Radio na bafle ndogo zinaweza kufanya kazi kwa betri na kwa paneli ndogo ya jua, na iko radio inayojazwa nguvu kwa kuzungusha mkono wake. Chombo kinachofaa Nguba ni kile kinachoendelea siku ambayo taa zimezimika.

Sasa neno kwa wazazi, tunalolisema kwa heshima. Telefone imekuwa yaya katika nyumba nyingi. Mtoto analia, anapewa telefone. Mtoto anauliza, anapewa telefone. Wageni wamefika, anapewa telefone. Tunajua uchovu wa mama aliyeshuka na mzigo kutoka sokoni, na hatumhukumu. Lakini mtoto anayenyamazishwa kila siku atazoea kunyamaza, na tutakuja kumwuliza katika ujana wake kwa nini hatuambii kitu. Mpe mtoto kazi karibu nawe: achague maharagwe, ahesabu viazi, ataje rangi za vitenge. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tunarudi kwa swali la zawadi. Mzee mmoja alituambia: “Watoto wetu watakutana na tabuleti siku moja, na watapata haya mbele ya wengine.” Tumelipima neno lake, maana haya ya maskini ni kitu kizito. Tunamjibu hivi: kidole kinajifunza tabuleti kwa siku moja, hata watoto wadogo wanatupita sisi wazee. Lakini ulimi unaojua kueleza, sikio linalojua kusikiliza, mkono unaojua kungoja zamu yake, vinahitaji miaka, na miaka yake ni hiyo ya materneli. Mtoto aliyevipata hivyo hataona haya mbele ya mashini yoyote.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza: materneli yetu ipate radio, bafle moja kwa kila kalasi, telefone moja ya kazi isiyokuwa mali ya mtu, na paneli ya jua ya kuvilisha. La pili: sehemu kubwa zaidi ya fedha za Jubilei iende kwa mama waalimu, kwa kuwafundisha kutayarisha vipindi hivi na kwa kuwalipa sawasawa. Tunasifu kazi yao katika hotuba, kisha tunachelewesha mshahara wao. Hiyo si haki. La tatu: tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 masomo ya primeri ya serikali yalitangazwa kuwa bure, lakini materneli nyingi bado zinaishi kwa fedha za wazazi, na mtoto wa maskini anabaki nje ya mlango. Bei ya tabuleti chache inaweza kulipa nafasi ya mtoto kwa muda mrefu. Kila shirika lichague watoto wake wasio na uwezo, na parokia iwapokee. Wale ambao hata hivyo hawatapata nafasi, tuwakusanye mara mbili kwa juma chini ya miti ya parokia na radio yao, sawa vile walivyofanya ndugu zetu wa Zanzibar.

Na kama mtu mwema akituletea televizio, tutaipokea kwa shukrani na kuiweka katika chumba cha mikutano, iwashwe kwa saa iliyopangwa, mwalimu akiwa mbele yake na watoto wakiwa na ruhusa ya kusema.

Mapadri wageni, mkirudi katika parokia zenu mtaulizwa mmeona nini Nguba. Tungependa mseme kwamba mmeona wakristu wanaobishana juu ya watoto wao wadogo kwa uzito ule ule wanaobishana nao juu ya paa la kanisa. Ninyi wazazi na waalimu, mkikubali mashauri haya, mama waalimu wanawangoja kwa kazi ya kwanza: kila shirika lilete bibi mmoja na hadithi moja, ili sauti zianze kunaswa kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa.